Kufuata au kupandisha: shajara ya mradi wa karata kali

Januari, mwanzoni

Mradi una swali moja tu. Nimeshika karata kali kwenye poka ya mtandaoni, mpinzani ameshaweka dau, zamu ni yangu: nifuate dau lake au nilipandishe? Kutupa karata hakumo humu. Naangalia zile sekunde chache ambapo kitufe cha kufuata na cha kupandisha vimewaka pamoja kwenye kioo, saa inapungua, na kidole kimeshaelekea kupandisha kabla kichwa hakijaulizwa.

Mchezo wenyewe ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, meza ya watu sita. Kwa asiyeuzoea: kila mtu hushika karata mbili za siri, kisha tatu hufunuliwa mezani kwa mpigo (hiyo ndiyo flopu), halafu ya nne, halafu ya tano, na kila hatua ina zamu yake ya kuweka dau. Kiasi chote nitakihesabu kwa blaindi kubwa, lile dau la lazima la mwanzo, kwa hiyo nikiandika 20 maana yake ni blaindi kubwa 20. Hesabu zikiwekwa hivyo, wa meza ndogo na wa meza kubwa wanasoma kitu kimoja.

Malighafi ipo tayari. Meza za mtandaoni humwachia mchezaji kumbukumbu ya kila mgao kama faili la maandishi: nani alikaa wapi, nani aliweka ngapi, karata zipi zilifunuliwa, nani alionyesha nini mwishoni. Naandika programu ndogo kwa Python isome mafaili hayo na kuchomoa maamuzi ya aina moja. Baada ya flopu, nina jozi mbili au zaidi na kuna dau mbele yangu. Kabla ya flopu, nina jozi ya Malkia kwenda juu, au Ree na Mfalme, na kuna aliyekwisha kupandisha. Mengine yote yanapita bila kuguswa.

Mpaka nimeuweka tangu sasa: programu inasoma migao iliyokwisha, basi. Meza nyingi zinakataza programu ya kukushauri cha kufanya wakati karata bado ziko mezani, na mimi naona zina haki. Anayenong'onezwa na mashine kila zamu hachezi, anabonyeza. Ninachojenga ni daftari la marudio.

Januari, katikati

Sehemu ya kusoma mafaili imekamilika. Haikuwa na maajabu, isipokuwa pale mtu mmoja anapoishiwa na chipu na wengine wakaendelea kuweka madau kwenye poti ya pembeni (poti ni jumla ya madau yaliyokwisha kuwekwa). Migao hiyo nimeitenga kwa sasa, maana hapo kila hesabu inagawanyika mara mbili.

Safu ya kwanza kwenye jedwali iliitwa "nguvu". Programu inapanga karata zangu kwa ngazi: jozi mbili, utatu (yaani tatu za namba ileile), mfululizo (tano zinazofuatana), flashi (tano za rangi moja, kama shupaza tupu), fuli hausi (utatu pamoja na jozi). Wazo lilikuwa kutafuta ngazi ambayo juu yake mtu anapandisha na chini yake anafuata. Ngazi hiyo haipo. Flopu moja inatosha kuonyesha kwa nini.

Mezani kuna Mfalme, saba na mbili, kila moja na rangi yake, hakuna flashi wala mfululizo unaonukia. Mpinzani alipandisha kabla ya flopu na sasa ameweka dau. Weka wachezaji wawili kwenye kiti changu. Wa kwanza ana jozi ya Wafalme mkononi, aliyoificha kabla ya flopu kwa kufuata tu. Sasa ana utatu wa Wafalme na kwa wakati huu hakuna karata inayomshinda. Wa pili ana jozi ya mbili, kwa hiyo ana utatu mdogo kuliko yote inayowezekana pale.

Sasa nani atalipa dau kubwa kwenye meza kama hiyo? Kwanza kabisa mwenye Ree na Mfalme. Kwenye pakiti kamili, karata hizo mbili zinaweza kushikwa kwa njia 16 (Ree 4 mara Wafalme 4). Mfalme mmoja akiwa mezani, zinabaki njia 12. Mwenye utatu wa mbili anazo zote 12 mbele yake. Mwenye utatu wa Wafalme ameshika Wafalme wengine wawili mkononi, amebaki mmoja kwenye pakiti, na njia zimeanguka hadi 4. Kwa Mfalme na Malkia ni hivyo hivyo: 12 kwa mmoja, 4 kwa mwingine. Mwenye duka lililojaa zaidi ndiye aliyefukuza wateja.

Kwa hiyo mwenye utatu mdogo ana sababu nzuri ya kupandisha palepale, na mwenye utatu mkubwa ana sababu nzuri ya kufuata na kumwacha mpinzani aendelee kujiamini. Karata dhaifu zaidi inapandisha, karata kali zaidi inafuata! Jedwali lililopangwa kwa nguvu haliwezi kusema hivyo hata ulibembeleze vipi. Safu nimeifuta. Mahali pake nimeweka safu mbili: "atakayelipa akiwa chini yangu" na "atakayelipa akiwa juu yangu", zote zikihesabiwa kwa njia.

Januari, mwishoni

Nimeanza na karata ya tano, kwa sababu pale hesabu haina kesho. Hakuna karata nyingine ya kusubiri. Nikiwa wa mwisho kuamua, kufuata kunafunga mgao.

Mgao niliouchagua kuwa wa mfano: mezani Mfalme wa shupaza, tisa ya uru, nne ya shupaza, kisha sita ya kopa. Mimi nina tisa ya kopa na tisa ya pau, yaani utatu wa tisa. Mpinzani alipandisha kabla ya flopu akiwa kiti cha mwanzo, akaweka dau kwenye flopu, akaweka tena kwenye karata ya nne, na mimi nimefuata mara zote mbili. Poti imefika 40. Karata ya tano inafunuliwa, anaweka 20. Nikipandisha hadi 60, yeye atatakiwa kuongeza 40.

Tuseme karata ya tano ni mbili ya kopa. Shupaza hazikukamilika. Juu yangu kuna jozi ya Wafalme, njia 3. Chini yangu, na wana uwezekano wa kulipa: jozi ya nne, njia 3, jozi ya sita, njia 3, jozi ya Ree, njia 6. Ree na Mfalme wana njia 12, nikisema kwa ubaya kwamba wote watatupa, bado nina 12 wa kunilipa dhidi ya 3 wa kunipiga. Kila nikilipwa, kupandisha kunaniongezea wastani wa 24 juu ya kile ambacho ningepata kwa kufuata. Hapa kufuata ni kuacha fedha mezani.

Sasa badilisha karata hiyo moja: mbili ya shupaza badala ya mbili ya kopa. Karata zangu ni zilezile, bado ni utatu wa tisa. Lakini mwenye shupaza mbili amefika. Nikimpa mpinzani zile ambazo mtu wa kiti cha mwanzo hucheza (Ree na Malkia, Ree na Ghulamu, Ree na kumi, Ree na tano, Malkia na Ghulamu, Malkia na kumi, Ghulamu na kumi, nane na saba, zote za shupaza) nina flashi 8 juu yangu. Ongeza Wafalme 3: jumla 11. Wa kunilipa chini yangu: jozi ya nne 3, jozi ya sita 3, na jozi ya Ree pale tu mmojawapo akiwa Ree ya shupaza, 3. Jumla 9. Tisa dhidi ya 11, kila nikilipwa nimepoteza wastani wa 4 ukilinganisha na kufuata. Na bado sijahesabu kwamba wenye flashi kubwa hawataishia kulipa, watapandisha tena.

Kinachonipendeza kwenye hesabu hii ni watu wasioonekana ndani yake. Mwenye kutisha tu, aliyeweka 20 akiwa hana kitu, hayumo. Nikifuata nachukua 20 yake, nikipandisha anatupa na nachukua 20 yake ileile. Poti ya 40 nayo haimo, maana ni yangu kwa njia zote mbili nikiwa mbele. Kwenye karata ya tano, tofauti kati ya kufuata na kupandisha inaamuliwa na wale watakaolipa nyongeza peke yao. Wakizidi nusu walio chini yangu, napandisha. Wasipozidi, nafuata. Na kwa kuwa kuna hatari ya kupandishiwa tena, nusu kamili haitoshi. Programu sasa inataka 55 kwa 100 ndipo iandike "pandisha". Hiyo 55 ni kipimo changu cha tahadhari, mtu mwingine anaweza kuweka 60 na nisibishane naye.

Angalia pia kwamba kufuata pale si woga. Dau la 20 kwenye poti ya 40 linaniomba nishinde mara 1 kati ya 4 tu ili nisipate hasara. Utatu wa tisa unapita hapo hata shupaza zikiwa zimekamilika, ukikumbuka Ree na Mfalme wote na wale wa kutisha.

Februari

Nimerudi nyuma hadi kwenye flopu, na hapa mambo yamekuwa mazito zaidi. Kanuni ya "nani atalipa" bado ipo, lakini sasa kuna karata mbili zaidi na madau mawili zaidi, na wenye kutisha wanahesabika upya, maana nikiwafukuza leo hawatanipa dau la kesho.

Mwenzangu ninayepitia naye migao alisoma ule wa tisa tatu na hakuanza na karata ya tano kabisa. Alianza na flopu.

"Kaka, utatu kwenye flopu yenye shupaza mbili, wewe unafuata tu? Unamsubiri nani?"

"Namsubiri anayetisha aendelee kutisha."

"Haya. Sasa hesabu rundo lako la chipu linaingiaje lote kwenye poti kwa mwendo huo."

Nikahesabu. Kila mmoja ana 100. Mpinzani alipandisha hadi 3, nikafuata, wenye blaindi (kubwa 1, ndogo 0.5) wakatupa. Poti ni 7.5 na kila mmoja amebaki na 97. Mpinzani anaweka theluthi mbili ya poti kila hatua, na mimi nafuata tu. Flopu: 5, poti inakuwa 17.5. Karata ya nne: karibu 11.7, poti inakuwa 40.8. Karata ya tano: karibu 27.2, poti inafika 95. Jumla iliyoingia kutoka kwangu baada ya flopu ni kama 44. Zaidi ya nusu ya rundo imebaki kando ikitazama, nami nina utatu.

Sasa nipandishe mara moja tu, kwenye flopu, kutoka 5 hadi 16, naye alipe. Poti inakuwa 39.5, kila mmoja amebaki na 81. Karata ya nne naweka theluthi mbili ya poti, kama 26.3. Poti 92.2, na nimebakiwa na 54.7, ambayo ni karibu 6 ya kumi ya poti. Yaani karata ya tano naweka zote, na dau hilo ni la kawaida kabisa, halimshtui mtu. Nyongeza ya 11 kwenye flopu ndiyo iliyofungua njia ya 42 nyingine kuingia mwishoni.

Hapo ndipo nimeona kwa nini kupandisha mapema kuna uzito tofauti na kupandisha mwishoni. Poti inakua kwa kuzidishwa, si kwa kujumlishwa. Kila dau hupimwa kwa ukubwa wa poti, kwa hiyo anayeikuza kwenye flopu anakuza kila dau litakalofuata.

Sababu inayotajwa zaidi na wachezaji ni nyingine: kupandisha ili kujilinda, mwenye shupaza mbili asipate karata yake kwa bei rahisi. Sababu hiyo ni ya kweli lakini naona inapewa sifa kuliko inavyostahili. Mwenye karata mbili za shupaza kwenye flopu yenye shupaza mbili ana karata 9 za kumkamilisha. Karata moja ijayo, hiyo ni kama asilimia 19. Zikiwa mbili, asilimia 35. Dhidi ya utatu anashinda takriban mara moja kati ya nne tu, kwa sababu utatu nao unaweza kugeuka fuli hausi na kumzika na flashi yake. Sitaki atupe. Nataka alipe, tena alipe ghali. Anayepandisha kwa kujilinda huweka dau kubwa kiasi cha kumfukuza mteja bora kuliko wote, halafu anashangilia poti ya 12.

Kwa hiyo kwenye flopu programu inauliza maswali mawili sasa. Je, kuna karata za kutosha chini yangu zinazoweza kulipa nyongeza (jozi ya juu, jozi mbili, wanaosubiri flashi au mfululizo)? Na je, bila kupandisha, rundo lote litaingia kwa madau ya kawaida hadi karata ya tano? Likiwa rundo ni fupi, tuseme kila mmoja alianza na 30, swali la pili linajijibu: kufuata mara tatu kunamaliza kila kitu, hakuna haja ya kuharakisha wala kumstua mwenye kutisha. Rundo refu linadai kupandisha mapema. Rundo fupi linaruhusu kuvizia.

Februari, mwishoni

Niliongeza safu ya faida na hasara halisi ya kila mgao, nikaiondoa siku ileile. Nikipandisha na kulipwa, poti ni kubwa; nikifuata, poti ni ndogo. Kwa hiyo upande wa kupandisha una ushindi wa kutisha na hasara za kutisha, na mgao mmoja wa bahati mbaya unafunika mingi iliyokwenda sawa. Jozi ya Ree dhidi ya jozi ya Wafalme, zote zikiwa zimewekwa kabla ya flopu, inashindwa karibu mara 18 kwa 100. Hakuna uamuzi uliokuwa mbovu hapo, ni karata tu. Nimebakiza hesabu ya njia.

Machi

Nilitaka kujua mashine zinafanya nini na karata kali, na jibu la kuvutia zaidi limetoka kwenye mchezo ambao si wangu. Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walitangaza kwenye jarida la Science programu yao iitwayo Cepheus, iliyosuluhisha Hold'em ya watu wawili yenye kikomo cha dau, kwa ukaribu kiasi kwamba mtu angeweza kucheza nayo maisha yake yote asiweze kuthibitisha kuwa amepata upenyo. Kwenye mchezo huo idadi ya kupandisha kila hatua ina mwisho. Cepheus ikiwa mgawaji, kabla ya flopu, karibu haitumii nafasi ile ya mwisho ya kupandisha. Hata ikiwa na jozi ya Ree inafanya hivyo chini ya mara 0.01 kwa 100. Karata inayoitumia zaidi ni jozi ya mbili, nayo ni mara 0.06 tu.

Jozi ya Ree, karata bora kuliko zote 1,326 zinazowezekana, na mashine inafuata! Navyoelewa mimi, dau moja la ziada kwenye mchezo wenye kikomo ni dogo, ilhali kuacha kulipandisha kunazificha Ree ndani ya kundi kubwa la karata nyingine ambazo nazo zimefuata. Mpinzani anaingia kwenye flopu hajui kama nina Ree au nina saba na sita. Kwenye mchezo usio na kikomo bei ya kuficha ni kubwa zaidi, kwa sababu ya ule ukuaji wa poti niliouandika Februari, kwa hiyo siichukui tabia hiyo nzima nzima. Ninachochukua ni kwamba kufuata kwangu lazima kuwe na karata kali ndani yake mara kwa mara. Nikizipandisha zote, mpinzani makini atagundua kwamba kila nikifuata sina kitu cha kutisha, na ataniwekea madau makubwa bila hofu.

Jambo la pili nimelipata kwa kuendesha programu za kukokotoa (zile zinazotafuta namna bora ya kucheza mgao) kwenye migao yangu mwenyewe. Mara nyingi jibu linakuja limegawanyika: utatu huu, kwenye flopu hii, pandisha 6 ya kumi, fuata 4 ya kumi. Mwanzoni watu wengi husoma hiyo kama amri ya kupiga kura kila mgao. Lakini ukiangalia thamani ya njia hizo mbili, zinalingana. Mashine inagawa kwa sababu haipotezi chochote kwa upande wowote, na kugawa kunamzuia mpinzani asiisome. Dhidi ya mtu asiyetunza kumbukumbu zangu, migao ya namna hiyo haistahili hata dakika. Nimeipaka kijivu kwenye jedwali: tofauti ikiwa chini ya nusu ya blaindi, programu inaandika "yoyote" na kuendelea. Jedwali limepungua sana, na iliyobaki ndiyo yenye maana.

Machi, mwishoni

Kabla ya flopu. Hapa nitapita haraka, kwa sababu jibu la jumla ni rahisi: jozi ya Ree, jozi ya Wafalme, mbele ya aliyepandisha, pandisha tena. Kufuata ni kwa nadra na kwa makusudi.

Sababu ndiyo inayostahili maneno. Husemwa kwamba Ree hupandishwa ili kupunguza watu, kwa kuwa dhidi ya mtu mmoja mwenye karata za kubahatisha zinashinda kama mara 85 kwa 100, na dhidi ya wanne zinashuka hadi 56. Ni kweli, lakini hesabu poti. Kila mtu akiweka dau moja lililo sawa na mchezo ukaishia hapo, dhidi ya mmoja napata asilimia 85 ya madau 2, faida 0.7. Dhidi ya wanne napata asilimia 56 ya madau 5, faida 1.8. Watu wengi wanalipa zaidi! Ninapandisha kwa sababu ileile ya siku zote: wapo walio chini yangu watakaolipa, na poti ikianza kubwa inaishia kubwa.

Jozi ya Wafalme ndiyo inayowatia watu jasho, hasa pale mpinzani anapopandisha juu ya kupandisha kwangu. Njia tena: nikiwa na Wafalme wawili, jozi ya Ree ina njia 6, jozi ya Malkia 6, Ree na Mfalme 8. Kwa mtu anayefanya hivyo kwa karata hizo tatu, 14 wako chini yangu na 6 juu. Weka zote.

Jambo dogo la meza za mtandaoni: mwenye meza hukata asilimia yake kwenye poti, na kwa kawaida hakati mgao ukiisha kabla ya flopu. Kufuata ukiwa kwenye blaindi ndogo na Ree na Mfalme kunakuingiza kwenye poti itakayokatwa, tena ukiwa wa kwanza kuamua hadi mwisho. Kupandisha kunaweza kumaliza mgao palepale bila makato. Kwenye meza ndogo, ambako makato huwa mazito ukilinganisha na poti, hilo peke yake linasukuma migao mingi kutoka "fuata" kwenda "pandisha".

Aprili

Safu mpya: mpinzani ni wa aina gani. Nimeweka aina tatu tu, maana zaidi ya hapo ni kujifurahisha. Yupo asiyetupa, yupo anayetisha ovyo, na yupo mkimya anayeweka dau akiwa nalo kweli.

Kwa asiyetupa, kuvizia ni kupoteza muda. Atalipa kwa jozi ya kati, basi pandisha na pandisha kwa kiasi kikubwa. Kwa anayetisha ovyo, kufuata kwenye flopu na karata ya nne kunapanda thamani, kwa kuwa sehemu kubwa ya kundi lake itatupa ukipandisha na itaendelea kukuletea madau ukinyamaza. Mkimya ndiye mtihani. Akiweka dau mara ya tatu, kundi lake limechujwa hadi limebaki lenye nguvu, na wale walio chini yangu wanaolipa nyongeza ni wachache kuliko moyo unavyotaka kuamini. Jozi mbili dhidi yake kwenye karata ya tano, programu imeandika "fuata" karibu kila mahali. Nimekagua kwa mkono na sioni pa kuipinga.

Mgao ulio wazi bado. Mezani Malkia, nane, tano, nane, mbili, hakuna flashi inayowezekana. Nina jozi ya tano, kwa hiyo fuli hausi. Mkimya aliweka dau, nikapandisha, akapandisha tena. Nimebakiwa na chipu za kutosha kuweka zote juu yake.

Juu yangu: jozi ya Malkia 3, jozi ya nane 1, Malkia na nane za rangi moja 1. Jumla 5. Chini yangu kuna jozi ya mbili, 3, na wenye nane moja. Nikihesabu za rangi moja tu, Ree na nane 2, nane na kumi 2, tisa na nane 2, nane na saba 2. Wote wakilipa ni 11 dhidi ya 5, naweka zote bila kufikiri. Wenye nane wakitupa wote, ni 3 dhidi ya 5, nafuata. Akilipa mwenye Ree na nane peke yake, ni 5 kwa 5, na kwa kipimo changu cha 55 bado ni kufuata.

Kwa hiyo uamuzi mzima umesimama juu ya kitu kimoja: mkimya mwenye nane na kumi, aliyekwisha kupandisha mara moja, analipa zote au anatupa? Mafaili yana migao ambamo wachezaji wa aina hii walionyesha karata zao mwishoni baada ya kupandishiana mara mbili. Naichomoa hiyo sasa.